Staa alisema hapana, nami nikapiga picha

Msomaji mmoja wa ukurasa huu ameniandikia kwa hasira. Jumamosi moja alikuwa dukani na binti yake wa miaka minane, wakakutana na msanii wa Bongo Fleva ambaye nyimbo zake mtoto huyo anaziimba tangu anapoamka mpaka anapolala. Baba akatoa simu, akamsogeza mtoto mbele na kumwambia, “Simama hapo na anko niwapige.” Msanii akainua mkono. “Kaka, leo hapana. Naomba unisamehe.” Mtoto alilia njia nzima hadi nyumbani.

“Dada,” ameandika msomaji huyo, “hawa si sisi ndio tuliowafikisha hapo walipo? Mwanangu nimwambie nini?”

Nilikaa na ujumbe wake siku mbili bila kujibu. Si kwamba nilikosa la kusema. Ni kwamba niliwahi kusimama pale aliposimama yeye, na nilifanya vibaya zaidi. Yeye aliambiwa hapana akarudisha simu mfukoni. Mimi niliambiwa hapana na picha nikapiga.

Ilikuwa Julai 2018, mbali na hapa. Mume wangu alikuwa akisoma San Diego, mji wa pwani ulio kusini kabisa mwa jimbo la California, Marekani, jirani na mpaka wa Mexico. Tulimfuata mimi na binti yetu mwaka 2016, mtoto akiwa na miaka tisa. Tulipanga chumba na sebule katika mtaa wa City Heights, ambako ukienda dukani unaweza kusikia Kisomali, Kihispania na Kiswahili cha Kongo kabla hujasikia Kiingereza.

Mji ule una jambo lake kubwa kila Julai, linaitwa Comic-Con. Ni tamasha la wapenzi wa vitabu vya katuni, filamu na michezo ya kompyuta. Lilianza mwaka 1970 hotelini, likiwa na watu wapatao 300. Siku hizi linakusanya zaidi ya watu 130,000 kwa siku nne katika jengo kubwa la mikutano lililo kando ya ghuba. Wengi wao huja wamevaa kama mhusika wanayempenda. Unakuta babu mwenye ndevu nyeupe amevaa kama mchawi, na kijana mwembamba amejipaka rangi ya kijani mwili mzima.

Tiketi hatukuwa nazo. Huuzwa mtandaoni miezi mingi kabla, mlangoni haziuzwi. Lakini ng’ambo ya reli, mkabala na jengo lile, kuna mtaa wa zamani wa migahawa na hoteli uitwao Gaslamp Quarter. Siku za tamasha kampuni za filamu hupanga huko maonyesho na michezo, na mengi kati ya hayo mtu yeyote huingia bila tiketi. Basi familia zisizo na tiketi kama yetu hujaa huko.

Na mastaa nao wako huko huko. Wanalala katika hoteli zile, wanakula katika migahawa ile, wanavuka reli ile ile kwenda kazini. Jirani yetu aliyeishi pale miaka mingi alituambia, “Msikae mkitazama jengo. Tazameni watu njiani.” Alitusimulia kwamba mwaka 2013 mwigizaji Bryan Cranston, yule wa tamthilia ya Breaking Bad, alizunguka ndani ya ukumbi akiwa amevaa kinyago chenye sura ya mhusika anayemwigiza mwenyewe, na watu wakampita wakidhani ni shabiki tu. Lupita Nyong’o, binti wa Kenya aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2014, naye aliwahi kuingia humo akiwa amevaa kama yule Power Ranger wa rangi ya waridi, amefunikwa kichwa hadi miguu. Akatembea, akacheza, hakuna aliyemjua. Baadaye akaiweka video yake mwenyewe mtandaoni.

Niliposikia hayo nilicheka, nikaona ni vituko vya watu wenye fedha. Sikujiuliza kwa nini mtu atake kujificha sura ili aweze kutembea.

Sasa nirudi kwa binti yangu, maana kisa hiki ni chake kuliko changu.

Tulipofika Marekani alikuwa na kichwa kilichonyolewa, kama walivyo wasichana wengi wa shule za msingi hapa kwetu. Huko shuleni walimshangaa. Wengine walimuuliza kama anaumwa, wengine kama ni mvulana. Asubuhi ya siku ya kwanza alilia getini. Nilimpiga picha akilia, nikaiweka Facebook na kwenye kundi la ukoo, nikaandika, “Kamanda wa darasa la nne analia kama kifaranga.” Watu walicheka sana. Mama zangu wadogo walituma vikatuni vya kucheka machozi. Nikasahau.

Februari 2018 ikatoka filamu ya Black Panther. Nadhani nusu yenu mliiona. Mle ndani kuna askari wa kike, walinzi wa mfalme, wenye vichwa vilivyonyolewa, na hakuna anayethubutu kuwacheka. Danai Gurira, anayeigiza mkuu wao, amekulia Zimbabwe. Florence Kasumba, anayeigiza mlinzi aitwaye Ayo, alizaliwa Kampala. Binti yangu alitoka ukumbini ameshika kichwa chake kwa mikono miwili kama mtu aliyeokota fedha. Nywele zilikuwa zimeanza kurefuka. Akaniomba nizinyoe.

Basi Comic-Con ilipofika nilimshonea vazi. Kitambaa chekundu nilikinunua, shanga nilikuwa nazo kutoka nyumbani, mkuki tuliutengeneza kwa mpini wa fagio na boksi la viatu tulilolipaka rangi ya fedha. Jumamosi ile tulipanda basi asubuhi, baba yake amebaki na vitabu vyake. Tuliposhuka tu, mwanamke mmoja mwenye kamera kubwa akatufuata. Akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto, akamuuliza yeye, si mimi, “Naomba nikupige picha?” Kisha akanitazama mimi kupata ruhusa ya mzazi.

Mtoto alisimama kama askari wa kweli. Baada ya yule akaja mwingine, na mwingine. Niliona wote wanauliza kwanza. Baadaye niliambiwa ndiyo desturi ya matamasha hayo. Kule New York Comic Con, tangu mwaka 2014 waliweka mabango makubwa ya kukumbusha kwamba mtu kuvaa vazi si ruhusa ya kumgusa, na kwamba ukitaka picha yake umuombe, akikataa umheshimu. Walifika hapo kwa sababu wanawake waliovaa mavazi hayo walichoka kushikwashikwa na kupigwa picha kwa kuviziwa.

Saa nane mchana njaa ikatubana. Tukaacha barabara kubwa, tukaingia kijia cha pembeni, tukapata mgahawa mdogo wenye meza kama nane hivi. Tukaagiza chipsi. Na pale kwenye kona, mgongo kwa mlango, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, alikaa mtu ambaye sura yake ninyi nyote mnaijua. Sitamtaja. Alikuwa na mtoto wa kama miaka mitatu mapajani, anamlisha kwa kijiko. Mtoto alikuwa amechoka na alikuwa akilialia, anakisukuma kijiko.

Binti yangu alimwona kabla yangu. Akaweka mkono wake juu ya wangu, akaninong’oneza, “Mama, ni yeye. Usimtazame.”

“Kwa nini nisimtazame?”

“Anakula na mtoto wake.”

Mzazi mwenzangu, nisikilize vizuri hapo. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, aliyemwona mtu ambaye bango lake lilikuwa ukutani juu ya kitanda chake, alishajua la kufanya. Alikuwa ametosheka kumwona tu. Mimi niliyemzaa ndiye niliyekuwa na homa. Nilikuwa nafikiria kundi la ukoo. Nilikuwa nafikiria shoga zangu wa Dar es Salaam ambao walidhani maisha yetu Marekani ni ya kuosha vyombo. Nikatoa simu chini ya meza, nikapiga moja kwa kuvizia. Haikutoka vizuri. Nikasimama, nikamshika binti yangu mkono, nikamvuta.

“Mama, tafadhali.”

“Twende, siku kama hii haiji mara mbili.”

Tulifika mezani. Nikasema kwa Kiingereza changu kwamba tumetoka Tanzania na mtoto wangu anampenda sana. Yule bwana akainua uso. Alikuwa mtu aliyechoka. Akamtazama binti yangu, akatabasamu, akamwambia vazi lake ni zuri kuliko yote aliyoyaona siku ile. Kisha akanigeukia mimi. “Nisamehe, mama. Sasa hivi niko na familia. Picha hapana.”

Alisema kwa upole kabisa. Nami nikajibu, “Sawa, sawa, moja tu.” Na nikabonyeza.

Katika picha hiyo yeye amenyoosha kiganja kuziba lenzi, hakuwahi. Mwanawe amefungua mdomo analia, amegeukia kamera. Na pembeni binti yangu, askari wangu, ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake.

Yule bwana hakugomba. Alimwita mhudumu, akalipa, akamfunika mtoto kwa koti lake, akaondoka na chakula kikiwa nusu. Meza za jirani zilitutazama. Chipsi zetu zilipokuja binti yangu hakula.

Ndani ya basi niliituma picha. Kundi la ukoo liliwaka moto. Kabla hatujafika nyumbani wifi yangu alishaiweka kwenye stetasi yake. Facebook watu walikuwa wanapenda na kuuliza maswali. Mwanangu alikaa dirishani, mkuki katikati ya magoti, hakusema neno. Nilidhani ni uchovu.

Usiku nilipokwenda kumfunika alikuwa macho.

“Mama, leo watu kumi na mmoja wameniomba picha. Nimewahesabu.”

“Umependeza, ndiyo maana.”

“Wote waliniuliza kwanza. Mmoja nilimkatalia kwa sababu nilikuwa na kiu. Akasema asante, akaenda zake.”

“Vizuri.”

Akanyamaza kidogo. “Wewe hujawahi kuniuliza.”

Nilitaka kucheka. Nikamwambia mimi ni mama yake, mama haombi ruhusa ya kumpiga picha mwanawe. Akaniambia bila kupandisha sauti, “Yule mtoto wa leo naye alikuwa analia. Kesho atakuwa kwenye simu za watu anaowajua na asiowajua. Kama mimi.”

Ndipo nikajua. Picha ile ya getini, ya mwaka 2016, mama mmoja tuliyekuwa rafiki Facebook aliionyesha kwa watoto wake, ambao walisoma na binti yangu. Watoto hao walijua Kiswahili, walitoka Kongo. Wakawatafsiria wenzao maneno yangu. Kuanzia wiki ile hadi mwisho wa mwaka darasa lote lilimwita Kifaranga. Wakimwona wanapiga kelele kama vifaranga. Wengine hawakujua hata neno lile lina maana gani, walijua tu kwamba linamuumiza.

Mwaka mzima. Kila jioni nilimuuliza, “Shule ilikuwaje?” na kila jioni alinijibu, “Nzuri.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungeandika tena.”

Mzazi mwenzangu, nimefiwa, nimeumwa, nimefukuzwa nyumba ya kupanga. Sijui kama kuna maneno mawili yaliyowahi kunipiga kama hayo. Mwanangu alikuwa na jambo zito kifuani, na mtu aliyemwogopa kumweleza ni mimi, kwa sababu ya simu yangu.

Usiku ule ule nilianza kufuta. Facebook ilikuwa rahisi. Kwenye kundi la ukoo muda wa kufuta kwa wote ulikuwa umeshapita, ikabidi niandike nikiomba kila mtu aifute ile ya staa, na ile ya getini pia kama bado anayo. Wapo waliofuta na kunyamaza. Mmoja aliandika, “Kumbe siku hizi watoto wa Marekani ndio wanaolea mama zao?” Wengine wakacheka. Wifi yangu alisema stetasi itaondoka yenyewe baada ya saa 24, ya nini kuhangaika. Nilimpigia simu, nikambembeleza kama mtu anayeomba mkopo, akaitoa. Lakini alikuwa ameshawatumia wenzake wa kazini. Hizo ziko wapi leo, sijui. Hicho ndicho kitu ambacho sisi wazazi tunachelewa kukielewa. Picha ikishatoka mkononi mwako, haina tena mwenye kuirudisha.

Asubuhi nilimuomba mwanangu msamaha. Sikusema “samahani lakini”. Niliomba msamaha kwa picha mbili: ya kwake na ya yule mtoto mwingine. Alinisikiliza, akaendelea kunywa chai, kisha akauliza kama tunaweza kurudi mjini, maana ilikuwa Jumapili, siku ya mwisho.

Tulirudi. Simu niliiweka chini kabisa ya mkoba. Tukiwa tunarudi nyumbani jioni, akaja kukaa mbele yetu mtu mwenye kinyago cha roboti kilichofunika kichwa chote. Alikaa kimya, mikono juu ya magoti, akatikisa kichwa kumsalimu askari mwenzake. Binti yangu akanisogelea sikioni. “Mama, anaweza kuwa mtu yeyote.” Nikamjibu, “Kweli.” Akasema, “Tumwache.” Tukamwacha. Aliposhuka alimpigia saluti. Mpaka leo sijui alikuwa nani, na kati ya siku zote tulizokaa Marekani, safari ile ya basi ndiyo tunayopenda kuikumbuka.

Miaka miwili baadaye, tukiwa tumesharudi nyumbani, zikaja habari za kifo cha Chadwick Boseman, yule aliyeigiza mfalme katika Black Panther. Alifariki tarehe 28 Agosti 2020, akiwa na umri wa miaka 43. Familia yake ilieleza kwamba aligundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana mwaka 2016, na kwamba filamu nyingi alizifanya katikati ya upasuaji na matibabu. Hakuwa ametangaza. Mwaka huo huo wa 2016 alipanda jukwaani Comic-Con pamoja na waigizaji wenzake mbele ya maelfu ya watu, ilipotangazwa nani watakuwa kwenye filamu hiyo. Katika miaka iliyofuata ni wangapi walikutana naye njiani, wakamtaka picha, wakaona amechoka, wakaenda kusimulia kwamba anaringa? Binti yangu alilia siku ile. Nilikaa naye. Sikupiga picha.

Sasa nimjibu msomaji wetu.

Kaka yangu, unauliza kama si sisi tuliowafikisha pale. Tumechangia, ndiyo. Tunanunua kazi zao, tunajaza kumbi zao. Lakini fundi aliyekujengea nyumba ukimlipa umelipia nyumba, hujamnunua yeye. Hata hayo matamasha makubwa yametenga muda na mahali. Pale San Diego kuna sehemu maalumu ghorofani ambako waigizaji na wachoraji hukaa kusaini vitabu na picha, na katika matamasha mengi ya aina hiyo shabiki hulipia picha au saini kwa bei inayojulikana. Hapo staa yuko kazini. Dukani akiwa na kikapu cha nyanya, au mgahawani na mtoto mapajani, ametoka kazini, kama wewe unapovua sare.

Na ulipouliza umwambie nini mwanao, mwambie ukweli. Mwambie, “Yule anko alisema hapana, na ana haki ya kusema hapana. Baba alifanya haraka, hakuuliza kwanza.” Usimwambie kwamba anaringa. Msichana wa miaka minane anayefundishwa kwamba mtu mzima akisema hapana ni kiburi, siku moja atataka kusema hapana yeye mwenyewe, na ataogopa kuonekana anaringa. Wewe kama baba hutaki hilo limkute.

Kwa wazazi wengine wote, haya ndiyo tunayofuata nyumbani kwangu tangu Julai ile. Chukueni yanayowafaa.

1. Mkikutana na mtu maarufu, mtoto ndiye wa kuamua kama anataka kumsogelea. Wengi tunawasukuma watoto mbele ili tupate sisi.

2. Salamu kwanza, simu baadaye, na mara nyingi simu isitoke kabisa. “Shikamoo, mwanangu anapenda kazi yako” inatosha. Mtoto atakumbuka alivyojibiwa kwa miaka mingi kuliko picha yenye ukungu.

3. Mtu akiwa anakula, anasali, anaumwa, yuko msibani au ana watoto wake, mwacheni. Mtoto wa staa hakuomba kuzaliwa na staa.

4. Kabla ya kuweka picha ya mwanao mahali popote, muulize. Akiwa mdogo mno wa kujibu, jiulize kama akiwa na miaka kumi na mitano ataifurahia. Picha ya mtoto akilia, akiwa uchi, akiwa mgonjwa au akiadhibiwa isitoke ndani ya nyumba. Ya sare ya shule yenye jina la shule inamwambia mtu mbaya mahali pa kumpata.

5. Mtoto akisema hapana, iwe hapana hata kama shangazi anaisubiri. Sheria ya Mtoto yetu ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unazungumzia faragha yake. Lakini sheria haiwezi kuingia kwenye simu yako saa nne usiku. Hapo ni wewe na dhamiri yako.

6. Ukikosea, omba msamaha na ufute mbele yake, aone kwa macho yake. Usiseme “ilikuwa utani”.

Wapo watakaosema nakuza jambo dogo, kwamba sisi tulikua bila kuulizwa na hatukufa. Kweli, hatukuulizwa. Lakini picha zetu za utotoni zilikaa kwenye albamu kabatini, zikionwa na wageni wanne kwa mwaka, na mama alikuwepo hapo hapo kusimulia kisa chake. Za watoto wetu zinaonwa na watu tusiowajua, sisi tukiwa tumelala. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Nilimwona yule bwana na mwanawe, nikaona jinsi mtoto wake alivyokuwa akilia mbele ya kamera, na bado sikumwona wangu aliyesimama kando yangu.

Binti yangu sasa ni mkubwa, yuko chuo mwaka wa kwanza, na kichwa chake bado anakinyoa. Kabla ya kutuma makala hii nilimpigia simu, nikamsomea yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alicheka kwenye mkuki wa boksi la viatu. Kwenye kifaranga alinyamaza, nikamwacha anyamaze. Mwisho akasema niiweke, itawasaidia wengine, ila kuna sehemu moja hataki isomwe na watu.

Nimeitoa.

Tukutane wiki ijayo.